Moldi gani ununue kutengenezea midoli ya plastiki, na ipi uiache dukani

Mtu akitaka kuanza kutengeneza midoli ya plastiki swali la kwanza huwa ni moldi (kalibu unayomiminia plastiki ili ipate umbo) ya bei rahisi inapatikana wapi, na hapo ndo mambo yanaanza kwenda kombo, manake moldi yenyewe ikishakauka haina shida sana, shida iko kwenye kile unachomimina ndani yake, mvuke unaoupumua ukiwa unamimina, na mtoto wa umri gani ataishika hiyo kitu halafu aitie mdomoni. Kwa hiyo hapa nimepanga nikitazama usalama zaidi, bei nayo kidogo, na kila moldi nimeiweka na plastiki yake.

Kitu kimoja kabla hujatoa hela: muombe muuzaji karatasi ya usalama ya kila kemikali unayonunua, ya moldi na ya kumimina, ile yenye vipengele 16 inayosema ndani kuna nini, ikikuingia jichoni ufanye nini, ikishika moto uzime na nini. Akisema hana, au akakuonyesha picha ya lebo tu, mwachie mzigo wake.

Ya kwanza: silikoni ya platinamu

Hii ndo ya kununua kama unaanza na unafanyia nyumbani au kwenye karakana ndogo. Ni raba ya majimaji unayoimwagia juu ya modeli ya mdoli, ikiganda inakuwa moldi. Inakuja na chupa mbili, A na B, nyingi unachanganya nusu kwa nusu, haina harufu kali, haisinyai, na inavumilia joto la hadi nyuzi 200 hivi. Ubaya wake ni bei na kudeka. Ikigusana na salfa haigandi, inabaki inanata milele, na salfa iko kwenye vitu ambavyo huviwazii kama glavu za lateksi na baadhi ya udongo wa kufinyangia. Hata modeli iliyochapishwa kwa printa ya rezini (kimiminika kinachoganda kuwa plastiki) ikiwa haijakauka vizuri inaiharibu. Nunua glavu za nitrili, na jaribu kidogo pembeni kabla hujamwaga kopo zima.

Halafu lile neno "salama kwa chakula" kwenye kopo lisikuchanganye. Linahusu silikoni yenyewe, tena ikiwa umeichanganya kwa kipimo sahihi, halihusu kabisa mdoli utakaotoka humo ndani. Wauzaji wanalipenda sana hilo neno.

Sasa cha kumimina. Wengi wanatumia rezini ya poliuretani sababu inaganda ndani ya dakika chache, na hapa nikae kidogo maana ndo penye hatari kubwa kuliko zote. Upande mmoja wa hiyo rezini una isosayaneti, kemikali ambayo mara nyingi hata huisikii harufu yake, unaweza kufanya nayo kazi muda mrefu uko fresh tu halafu siku moja mwili unaikataa, kifua kinabana, unapata pumu, na ukishafika hapo hata kiasi kidogo sana kinakurudishia tatizo, inabidi uache hiyo kazi. Umoja wa Ulaya tangu Agosti 2023 wanataka mtu anayeitumia kikazi apate mafunzo kwanza, ndo ujue sio mchezo. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haisaidii kitu kwa mvuke. Fanyia sehemu yenye feni inayotoa hewa nje na uvae barakoa ya katriji za mvuke wa kemikali, na katriji zina muda wake, usivae hizo hizo mwaka mzima. Ikishaganda vizuri inatulia, ila ukianza kuipiga msasa vumbi lake nalo sio la kuvuta.

Epoksi, rezini nyingine ya kuchanganya, ni mbadala, inaenda taratibu, ila inashambulia ngozi (mzio wake ukikupata hauondoki) na ukichanganya nyingi kwenye kopo moja inachemka yenyewe mpaka inatoa moshi. Changanya kidogo kidogo.

Kwa midoli ya mtoto chini ya miaka 3, msimamo wangu ni kwamba rezini ya kuchanganya nyumbani usiitumie kabisa. Ukikosea kipimo kidogo tu kuna kemikali inabaki haijaungana ndani, kwa macho huioni, na mtoto wa umri huo kila kitu ni cha kunyonya.

Ya pili: moldi ya alumini na mashine ya kusukuma kwa mkono

Kwa usalama wa mtoto ingekuwa ya kwanza, nimeiweka ya pili kwa sababu ya bei na kwa sababu inaunguza anayeitumia. Hapa unayeyusha plastiki halisi na mashine inaisukuma ndani ya moldi, hakuna kuchanganya kemikali. Chukua polipropilini au polithilini, ambazo kwenye ile alama ya pembetatu ni namba 5, 2 na 4. Namba 3 ni PVC, iache, ikizidi joto inatoa gesi ya asidi inayochoma mapafu na inakula hadi chuma cha mashine. Na PVC isikutane hata siku moja na asetali, ile plastiki ngumu ya magia madogo, ndani ya mashine moja, zinaweza kulipuka. Chakavu ambacho hujui kimetoka wapi hakifai kwa midoli hata kama namba inasoma vizuri, hujui rangi na viungo vya zamani vilivyomo.

Wakati wa kununua fungua moldi uangalie pale vipande viwili vinapokutana. Kama kuna mwanya au kona zimelika, kila mdoli utatoka na ukingo mwembamba unaokata kama wembe na utakaa unakata na kisu kila siku. Zile za chuma za mitumba angalia kutu na mafuta ya zamani. Kabla ya kusukuma hakikisha moldi ni kavu kabisa, tone la maji likikutana na plastiki ya nyuzi 200 linageuka mvuke na plastiki inakurukia usoni, kwa hiyo ngao ya uso na glavu za joto ziwe kwenye bajeti. Ikikushika ngozini usiibandue, weka kwenye maji ya bomba yanayotiririka dakika 20 halafu uende hospitali nayo ikiwa hapo hapo.

Ya tatu: silikoni ya bati

Bei nafuu, haideki kwa salfa, ndo maana imejaa. Lakini kinachoigandisha ni kemikali ya bati ambayo ina sumu, inasinyaa baada ya muda, na inachoka mapema. Kwa sanamu za kukaa kwenye kabati sawa, kwa kitu cha mtoto mdogo hapana. Na usiichanganyie vyombo na ile ya platinamu, mabaki yake yanaizuia kuganda.

Ya nne: raba ya poliuretani

Ngumu, inadumu, ila ni isosayaneti tena, kwa hiyo unapata hatari mara mbili, ukitengeneza moldi na ukimimina. Makopo ya zamani mengine yaligandishwa kwa kemikali za zebaki, uliza, na kama limekaa stoo miaka usilichukue hata wakikupa bure. Inanata pia bila dawa ya kuachia, ile inayozuia vitu kugandana na moldi, na makopo mengi ya kupuliza yanashika moto, sio ya kupuliza karibu na jiko.

Jasi (plasta) na alijineti, unga wa kuchanganya na maji unaoganda kama jeli, ni za kujifunzia. Alijineti inatumika mara moja basi. Jasi vumbi lake ni baya, na inapoganda joto lake linapanda hadi nyuzi 60 hivi, kwa hiyo usimtumbukize mtoto mkono kwenye ndoo ya jasi atengeneze "moldi ya mkono". Uingereza mwaka 2007 mwanafunzi alipoteza karibu vidole vyote kwa kitu hicho hicho, darasani.

Ya mwisho, usinunue: zile seti za bei ya kutupa zenye rezini ya poliyesta. Mvuke wake wa stairini unashika moto na unapanda kichwani, na kile kichupa kidogo cha kugandishia kikiruka jichoni unaweza kupofuka. Kwa midoli, ya nini?

Kuna wanaoongeza chungu cha presha ya hewa, sio cha kupikia, kubana mapovu kwenye rezini. Soma kipimo kilichoandikwa juu yake na usikizidishe, na kile cha kujitengenezea kutoka chungu cha kupulizia rangi bila valvu ya usalama ni bomu. Oveni ya jikoni isitumike kukaushia chochote kati ya hivi.

Ukishatoa mdoli, pima vipande vinavyoweza kung'oka. Kipimo kinachotumika ni kopo lenye upana wa mm 31.7, kitako chake kimeinama hivyo kina ni kuanzia mm 25.4 upande mmoja mpaka 57.1 upande wa pili, kipande kikiingia chote bila kukandamiza basi kinaweza kumkaba mtoto chini ya miaka 3. Rangi nayo, Marekani madini ya risasi mwisho ni sehemu 90 kwa milioni kwenye rangi na 100 kwenye plastiki yenyewe, na fthaleti kadhaa, zile za kulainisha plastiki, hazitakiwi kuzidi asilimia 0.1. Nyumbani huwezi kupima hayo, ni maabara, kwa hiyo kama unataka kuuza weka gharama ya kipimo kwenye hesabu zako mapema, kabla hata hujachagua rangi.