Boti mtumba ya alumini na hesabu ya kuifunga mashine mpya

Mimi mtu wa Tanga, niko Tacoma huku Washington mwaka wa tisa sasa, na kwa mtu aliyekulia Sahare kuangalia bahari kwenye dirisha la gari kila siku ni adhabu jamani. Mwaka huu nikasema liwalo na liwe, natafuta boti. Nikapata moja ya alumini, futi 20 na kidogo, ya 1997, ina kebini ya kujificha mvua (na huku mvua haiishi), trela lake, na nyuma mashine ya nguvu za farasi 115, tustroku (zile za zamani zinazochoma oili pamoja na petroli), ya umri uleule. Bei dola 13,500. Muuzaji akasema mashine inawaka fresh, ila ukitaka unaweza kubadilisha. Hiyo "ila" ndo imenila mwezi mzima.

Nikaenda na rafiki yangu mmoja wa Lamu, yeye kazaliwa kwenye majahazi. Sisi tumezoea mbao na kalafati, alumini ni kitu kingine, haiozi ila inaliwa. Tukaikagua tezi na omo, na kweli marejeo yakawa ngamani, maana pale chini tulikuta unga mweupe mweupe na ndani yake senti moja ya zamani. Senti za Marekani za kabla ya 1982 ni shaba karibu tupu, na shaba ikikaa na alumini kwenye maji ya chumvi alumini ndo inayoumia, taratibu mpaka inatoboka. Ndo maana hata rangi ya chini yenye shaba haipakwi kwenye boti ya alumini, na zile zinki pembeni (vipande vinavyofungwa ili viliwe vyenyewe badala ya boti) zikiisha unabadilisha usiulize. Hapo kulikuwa na kashimo kadogo tu, hakajapita, sikuogopa sana.

Kilichoniogopesha ni tezi. Wengi hawajui kwamba boti nyingi za alumini za zamani ule ubao wa nyuma unaobeba mashine una plaiwudi ndani, bati mbele bati nyuma. Jamaa akagonga na mpini wa nyundo, kulia inalia vizuri, kushoto inajibu kama boga. Tukainua mashine kidogo tukaegemea mguu wake wa chini, bati lote likawa linapumua. Tukaomba kufungua bolti moja, yakatoka maji meusi. Muuzaji akanuna kidogo.

Nikalipa fundi dola 180 aje apime kompresheni, yani presha ndani ya silinda za mashine, na hiyo ndo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote kwenye safari hii. Silinda tatu zikasoma psi 110 mpaka 115, ya nne 80. Yani inawaka kweli, ila ni mgonjwa. Na mimi naitaka ya kupita Narrows, ule mlango mwembamba wa bahari hapa Tacoma, pale daraja lilipoanguka 1940, maji yanakimbia kama mto na ubaridi wake nyuzi kumi hivi mwaka mzima, sio mahali pa kuvuta kamba ya mashine huku unaomba dua.

Sasa hesabu. Mashine mpya ya 115 fostroku (hizi za kisasa, hazichomi oili na petroli pamoja) na kontroli, nyaya, propela na ufundi niliambiwa 16,400. Ya 150 karibu 22,000, na ile ina kilo 220 hivi wakati hii kuukuu haifiki 170, halafu uongeze na ile mashine ndogo ya pili ya kwenda taratibu ukivua samoni, zote zinaning'inia kwenye tezi iliyooza! Nikaitoa kichwani. Kukata bati, kutoa mbao, kuweka mpya na kuchomelea tena 3,800. Jumlisha na bei ya boti na kodi ya hapa karibu asilimia 10, unafika elfu 37. Kwa hela hiyo unapata boti changa zaidi yenye fostroku tayari.

Nilichokuja kugundua ni kwamba mashine mgonjwa ni ghali kuliko mashine maiti. Huyu bwana kwenye 13,500 yake kanihesabia mashine kama elfu nne hivi, kwa sababu inawaka. Ingekuwa imekufa tungeongea bei ya bodi na trela basi. Mimi naenda kuitupa, kwa nini niinunue?

Kwa hiyo nikampa 7,500 na nikamwambia mashine abaki nayo. Akakataa, baada ya wiki mbili akanitumia meseji anashuka mpaka 10,500 pamoja na mashine, yani bado ananiuzia mashine. Sijajibu. Jumamosi naenda Olympia kuona nyingine, hiyo mashine ilishang'olewa zamani, tezi iko wazi, matundu ya bolti yote unachungulia ndani na tochi. Jamaa wa Lamu kasema nyundo atabeba yeye.