DSpace ya kulipiwa: kampuni ziendeshe, funguo zibaki chuoni

DSpace, programu ya hazina ya kidijitali ambamo chuo huweka tasnifu na makala zake, yenyewe haiuzwi. Maktaba za MIT na maabara za HP ziliitoa mwaka 2002 kwa leseni huria ya BSD, na chuo chochote kinaipakua bure. Kinachouzwa ni ufundi: kuna Atmire ya Ubelgiji, 4Science ya Italia, na Lyrasis ya Marekani, shirika lisilo la faida linalosimamia mradi wenyewe.

Tangu toleo la 7 (2021) ufundi huo unahitajika kweli. Kurasa za JSPUI na XMLUI, sura za zamani za DSpace, ziliondolewa, hivyo waliokuwa wamezirembesha walianza upya kwa Angular, zana ya kutengeneza kurasa za wavuti. Sasa kuna programu mbili, moja ya Java (seva) na nyingine ya Node (kurasa), pamoja na hifadhidata ya PostgreSQL na Solr, injini ya utafutaji. Seva ya RAM GB 4 itaelemewa. Anza na 8, au 12 mkimudu. Kinachokwamisha wengi ni kurasa kufunguka huku kuingia kukikataa. Kagua dspace.ui.url na dspace.server.url kwenye faili la mipangilio, local.cfg: zilingane herufi kwa herufi na anwani za kwenye kivinjari, na zote ziwe https.

Digital Commons, huduma shindani ya hazina, inakuondolea adha hizo zote, lakini msimbo wake umefungwa, na tangu 2017 mwenye mali ni Elsevier, mchapishaji wa majarida ya kitaaluma. Maktaba iliyoanzisha hazina ili ipunguze utegemezi kwa wachapishaji inajikuta inamlipa mchapishaji. DSpace ya kulipiwa ni bora, mradi mkataba uwe mkali.

Faili za assetstore, folda ambamo DSpace huweka nyaraka zenyewe, zina majina ya tarakimu tupu. Bila hifadhidata hamtajua tasnifu ipi ni ya nani. Daini pg_dump (nakala ya hifadhidata) na assetstore kwa pamoja, kila mwezi, kwenye seva yenu. Takwimu za upakuaji zinakaa Solr peke yake, kwa hiyo zitolewe kwa solr-export-statistics kabla ya kuhama. Kiambishi cha Handle, yaani namba inayoanza viungo vya kudumu vya hazina, kisajiliwe kwa jina la chuo. Ada ni dola 50 kwa mwaka. Hazina kadhaa za Afrika Mashariki bado zina 123456789, kiambishi cha mfano ambacho hdl.handle.net, tovuti inayofungua viungo hivyo, haikitambui. Kampuni inayokiacha hapo haijafanya kazi iliyolipiwa.

Kabla ya kusaini, itakeni kampuni isimike hazina ya majaribio kutokana na nakala rudufu kwenye mashine yenu, wakutubi wakitazama. Ikisita, tafuteni nyingine.