Masaji ya kiti kazini na kiti cha umeme nyumbani: nimetumia vyote viwili, haya ndo maoni yangu

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka asihangaike kusoma mpaka chini. Masaji ya kiti ya mkono wa mtu, dakika 15 au 20 tu, ikifanyika mara kwa mara pale pale unapofanyia kazi, ni huduma ninayoipa nyota 5 bila kusita. Kiti cha umeme cha nyumbani nakipa nyota 3 na nusu, ni kizuri na nakipenda, ila kina kazi yake tofauti, asikudanganye mtu kwamba ukishanunua kiti basi huhitaji tena mkandaji.

Kwa ambao hawajawahi kuiona hii kitu, sio ile masaji ya kuvua nguo ukalala kitandani ukapakwa mafuta. Hapa unabaki na nguo zako, mafuta hakuna, na kiti chenyewe unakikalia kwa kuelekea ndani yaani kifua ndo kinaegemea, magoti yanakaa kwenye mito yake huku chini, mikono inalala kwenye kibao chenye sponji, afu uso unauweka kwenye kimto cha mviringo chenye tundu katikati ili upumue vizuri. Kinakunjwa kinaingia kwenye begi, mkandaji anakuja nacho, anakifungua kwenye kachumba kokote kenye nafasi na dakika chache baadae mtu wa kwanza ameshakaa. Ukimaliza unarudi kwenye meza yako hivyo hivyo, huna haja ya kuoga wala kubadilisha nguo. Aliyeisambaza kwa mtindo huu ni Mmarekani mmoja anaitwa David Palmer, miaka ya 1980 kule San Francisco, alikuwa anafundisha amma ambayo ni masaji ya asili ya Wajapani, akataka imfikie mtu wa kawaida ambaye hana muda na hataki kuvua nguo mbele ya mtu asiyemjua. Kiti cha kwanza cha kazi hiyo kikaingia sokoni 1986. Mi naona hapo ndo penye siri ya hii huduma, imeondoa vile visingizio vyote vinavyofanya mtu abaki na maumivu yake.

Sasa kukandwa kwenyewe kukoje. Mkandaji tunayemtumia sisi anaanza kwa kuweka viganja vyote viwili mabegani bila kubonyeza, anasubiri kidogo, anauliza wapi panasumbua leo na kuna ugonjwa wowote au dawa unayotumia. Afu anashuka taratibu pembeni ya uti wa mgongo kwa vidole gumba, kushoto na kulia, juu ya ile misuli mirefu na sio juu ya mfupa wenyewe (hili ni muhimu sana, kuna mwingine aliwahi kuja kabla yake alikuwa anakandamiza mfupa kabisa, nikamwambia aache). Kituo kikubwa ni pale kwenye ukingo wa ndani wa kombe la bega, upande wa mkono unaoshika mausi. Pale pana kifundo kama punje chini ya ngozi, anakitafuta kwa kidole anakipata, anaweka kiwiko juu yake anaegemea polepole huku anauliza "hapa vipi, niongeze au nipunguze?", na unakuta maumivu yanapanda mpaka kisogoni, hapo hapo ambapo kichwa huwa kinaanza kuuma jioni. Anashikilia hapo pumzi kadhaa, na ghafla panaachia. Ukisikia kile kitu kinaachia ndo utaelewa kwa nini watu wanagombania zamu.

Baada ya hapo shingo, anashika misuli ya nyuma kwa vidole kama anafinya kidogo, afu anaingia pale chini ya fuvu. Halafu mikono, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu watu wengi hawajui kama mikono yao imechoka. Ile misuli ya juu ya kigasha, kati ya kiwiko na kiganja, ndo inayonyanyua vidole siku nzima ukiwa unachapa au unabofya, haipumziki, na wewe huisikii mpaka mtu aibonyeze. Siku ya kwanza nilipobonyezwa pale niliruka. Wanaofanya kazi ya kompyuta, washonaji, vinyozi, madereva, wote mtaniambia. Mwisho anamalizia kwa kupigapiga mgongo kwa ngumi nyepesi, haraka haraka, na hiyo ina maana yake, masaji ya kazini haitakiwi kukuacha una usingizi, inatakiwa uinuke uko macho.

Na hilo la kuwa macho sio maneno ya kujifariji tu. Chuo kikuu cha Miami kuna kituo cha utafiti wa mguso kilichoongozwa na Tiffany Field, na mwaka 1996 walitoa utafiti ambapo watu wazima walikandwa kwenye kiti dakika 15, mara mbili kwa wiki, kwa wiki 5, huku kundi lingine likikaa tu kwenye kiti kupumzika. Waliokandwa vipimo vya ubongo vilionyesha wamekuwa macho zaidi, na wakafanya hesabu haraka zaidi na kwa makosa machache kuliko kabla ya kukandwa, wale wa kupumzika tu hawakupata hayo ya hesabu. Ni utafiti mdogo, watu 50 tu kwa jumla, kwa hiyo sisemi ndo umemaliza kila kitu, ila kwa tulioikalia ile kitu tunajua wanaongelea nini. Ukirudi kwenye meza unasoma barua pepe ile ile iliyokuwa inakukera na unaijibu kistaarabu.

Sasa neno langu kubwa ambalo ndo limenifanya niandike haya yote: usiichukulie kama zawadi ya mara moja kwa mwaka. Unakuta ofisi inaita wakandaji siku ya sherehe ya wafanyakazi, watu wanafurahi, afu basi mpaka mwakani. Hiyo haikusaidii. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5, ukikiinamisha mbele kuelekea skrini misuli ya shingo na mabega inabeba mzigo mkubwa zaidi ya huo, na inabeba bila kusogea, ikiwa imejikaza, damu haipiti vizuri. Mkandaji anailegeza leo, kesho unakaa vile vile na inaanza kujikaza upya. Faida ya mara moja ni ya muda mfupi, hilo niliseme wazi. Lakini ukikandwa kila wiki au kila baada ya wiki mbili kuna kitu kinabadilika, kwanza mkandaji anaujua mwili wako, hapotezi muda kutafuta, pili wewe mwenyewe unaanza kujisikia mapema mabega yakipanda kuelekea masikioni, unayashusha kabla hayajafika kwenye maumivu. Mi hili la pili ndo nalithamini kuliko yote. Dakika 15 za kila wiki nazichagua mbele ya saa nzima ya mara moja moja, tena bila kufikiria mara mbili.

Kuna mambo haiwezi na nisingependa mtu apigwe maneno. Haitoi sumu mwilini, kazi hiyo ni ya ini na figo. Hainyooshi uti wa mgongo. Kama mkono unakufa ganzi, unapoteza nguvu, au maumivu yanashuka mguuni, nenda hospitali kwanza, kiti kitakungoja. Na kama kiti chako cha kazini ni kibovu na skrini iko chini, masaji itakuwa inazima moto ambao mnauwasha wenyewe kila asubuhi, kwa hiyo pandisha skrini ifike usawa wa macho na inuka utembee.

Tuje kwenye kiti cha umeme. Hivi vilianzia Japani, Nobuo Fujimoto wa Osaka alitengeneza cha kwanza mwaka 1954, na mpaka leo wazo ni lile lile, roli, yaani vigurudumu vya kukandia vilivyo ndani ya kiti, zinapanda na kushuka mgongoni zikisukumwa na mota, wameongeza tu mifuko ya hewa inayobana miguu na mikono, joto la kiunoni, na kile kipimo kinachotafuta mabega yako yako wapi kabla ya kuanza. Nikikaa usiku nyumba ikiwa imetulia, nikawasha joto na roli kwa nguvu ndogo, kiuno kinalegea kweli kweli, na usingizi unaokuja baada ya hapo ni mzuri. Hakuna kupanga zamu wala kumsubiri mtu. Kwa mzazi au mtu mzima ambaye hapendi kushikwashikwa ni msaada mkubwa sana.

Ila sasa udhaifu wake. Roli haiulizi kitu. Haijui kwamba leo ni upande wa kulia, inapita kote sawasawa, na kile kifundo cha kwenye kombe la bega inakigusa kwa bahati tu, inapita inaenda zake. Pembeni za shingo haifiki, vigasha vinabanwa na hewa tu, na sio sawa na kidole gumba. Kingine ni urefu wako, ukiwa mfupi roli za juu zinakugonga kisogoni badala ya bega, ukiwa mrefu zinaishia chini ya bega kabisa, kwa hiyo usinunue kabla hujakaa na kumaliza mzunguko mzima, na kila anayekitumia nyumbani akae pia. Angalia njia ya roli, kuna zinazoishia kiunoni na kuna zinazoendelea mpaka chini ya makalio, wenye nyonga zinazouma watafute hizo za pili. Pima nafasi ya nyuma, vingi vinalala chali na vinataka umbali kutoka ukutani, na ni vizito, ukishakiweka umekiweka. Kama nafasi hakuna, kuna ule mto wenye roli unaofungwa kwenye kiti cha kawaida, una nguvu ndogo ila kwa kiuno unatosha.

Dakika 15 mpaka 20 kwenye mashine zinatosha, usiweke mzunguko juu ya mzunguko kwa kudhani zaidi ndo bora, kesho yake utaamka misuli inauma kama umepigwa. Mwenye kifaa cha kusaidia moyo kifuani, mwenye damu iliyoganda mguuni, anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, mwenye mifupa dhaifu, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mjamzito, wote waongee na daktari kabla, iwe mashine iwe mtu. Mwenye homa au ugonjwa wa ngozi asubiri apone.

Kwa wale wenye usemi kazini, mkiamua kuleta hii huduma tafadhali tafuteni chumba chenye mlango unaofungwa, sio kwenye korido watu wanapita wanachungulia, maana hakuna bega linalolegea likijua linaangaliwa. Hakikisheni mkandaji amesomea, anabadilisha kitambaa cha usoni kwa kila mtu na ananawa mikono. Na muda wa masaji uwe ndani ya saa za kazi, ukiukata kwenye muda wa chakula watu wataacha kuja, nimeona ikitokea. Zamu ya kuombea ni ile ya saa nane mpaka saa tisa mchana, wakati macho yanaanza kuwa mazito. Ukimaliza usiinuke kwa haraka, hasa kama presha yako huwa inashuka, kaa wima kwanza, vuta pumzi, kunywa maji, ndo usimame.