Nilivyofufua Grundig ya valvu Gerezani: nini kibaki, nini kitoke

Ukiwa na redio ya valvu, zile taa za kioo zilizotumika kabla ya transista, halafu fundi akakuambia "bosi, haya makorokoro tunatupa, nakuwekea bodi ya bluetooth na taa za rangi," beba redio yako uondoke. Mimi niliondoka. Ninayemsifia hapa ni fundi wa pili, mzee mmoja wa mtaa wa Gerezani, Dar.

Redio ni Grundig ya mbao ya miaka ya 1950, aliyotuachia babu. Kwenye kioo chake cha kutafutia stesheni kuna majina ya Hilversum na Luxembourg, Dar haimo.

Kilichonipa imani ni kwamba hakuichomeka ukutani moja kwa moja. Aliipitishia umeme kwenye balbu ya wati 100, zile za zamani za waya, ili kukiwa na shoti iwake balbu, redio isiungue. Kisha akasema kapasita (vipuri vya kuhifadhi chaji ya umeme) za karatasi na zile kubwa za kuchuja umeme zitoke zote, hakuna mjadala. Ile inayopeleka sauti kwenye valvu ya EL84, ile inayosukuma spika, ikianza kuvuja umeme, bati la ndani ya valvu linaiva jekundu kama mkaa, na ukiiacha hivyo unaweza kupoteza valvu pamoja na transfoma.

Nikamwuliza kama angeweza kuficha kapasita mpya ndani ya maganda ya zile za zamani, maana kuna watu hufanya hivyo. Akasema inawezekana, ongeza elfu sitini. Sasa nani atakuja kwangu aipindue redio kuangalia tumbo lake? Nikaacha. Kopo kubwa la juu la kapasita ya zamani tu ndilo tulilolibakiza pale pale bila kuliunganisha, mpya zikakaa chini. Waya wa umeme wa kitambaa nao umetoka. Sasa kuna plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 3, si 13.

Ubishi ulikuwa kwenye FM. Kioo kinaishia 100. Wasafi 88.9 safi, EFM 93.7 safi, lakini Times FM ya 100.5 haifiki. Fundi akasema akigusa kidogo trima, kile kipuri cha kurekebisha masafa, itaingia, ila namba za kwenye kioo zitakuwa zinadanganya. Nikasema iache kama ilivyotoka kiwandani. Baba akanikata: "Wewe unataka kuitazama, mimi nataka kuisikiliza." Redio inakaa sebuleni kwake, basi trima ikaguswa. Times inakamata ukingoni kabisa, na EFM iko karibu na 93. Mpaka leo inanikera.

Jicho la kijani, valvu ya EM80 inayoonyesha nguvu ya mawimbi ya stesheni, limefifia. Fundi alitaka kuweka LED nyuma yake, nikakataa. Jicho lisilofuata mawimbi ni pambo tu. Kwa ajili ya simu, nyuma kuna matundu ya kuchomekea mashine ya santuri, tumechomeka hapo kipokezi kidogo cha bluetooth bila kukata waya wowote. Ila angalia: hii ina transfoma ya umeme. Kuna redio za zamani zisizo nayo, na chuma cha ndani chenyewe kinaweza kuwa na umeme wa ukutani. Hizo usizichokonoe.

Seremala wa Keko alitaka kupiga msasa na vanishi ya kung'aa. Ule ubao wa juu ni mwembamba kama karatasi, nikampa kazi ya kugundisha kona iliyobanduka tu.

Jumla nimelipa 240,000 pamoja na EL84 mpya, ambayo bado inatengenezwa kwa ajili ya amplifaya za gitaa. Malalamiko yangu: "njoo kesho" zilikuwa nyingi mno, na vipuri vya zamani nilirudishiwa baada ya kudai. Masafa ya kati usiyatarajie mjini, ni mngurumo wa chaja na balbu za LED mwanzo mwisho, na hilo si kosa la fundi. Nampa nyota nne. Ukienda, nenda asubuhi, mchana kibaraza chake kinajaa wateja wa sabufa.