Wikiendi Córdoba: Jengo Moja la Kuingia Mara Mbili

Mimi na mume wangu tunaishi Seville, kusini mwa Uhispania, na kwa muda mrefu tulikuwa tukiahirisha safari ya Córdoba kwa sababu tu iko karibu, kwani treni ya mwendo kasi kutoka stesheni ya Santa Justa hufika huko kwa takriban dakika 45. Hatimaye tulikwenda mwishoni mwa Machi, tukaondoka Ijumaa jioni na kurejea Jumapili usiku. Msimu huo michungwa huwa imechanua na jua bado linavumilika. Atakayenialika huko mwezi wa Julai, wakati joto linapopita nyuzi 40, nitamshukuru na kubaki nyumbani kwangu.

Kinachowavuta wageni wengi ni Mezquita-Catedral, msikiti ulioanza kujengwa na amiri Abd al-Rahman wa Kwanza katika miaka ya 780, ukapanuliwa na waliomfuata, kisha ukageuzwa kanisa mji ulipotekwa na mfalme Ferdinand wa Tatu mwaka 1236. Tiketi ilikuwa euro 13 kwa mtu mmoja. Hata hivyo, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi ilikuwapo saa moja ya kuingia bure, tangu saa mbili na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi, ambayo wengi huisifu kwa kuwa inaokoa pesa. Mimi naisifu kwa utulivu wake, maana wakati huo misafara ya watalii wenye viongozi haijaanza kumiminika. Ubaya wake ni kwamba muda ukikaribia kwisha walinzi huanza kuwasogeza watu kuelekea mlangoni, hata kama ndiyo kwanza macho yamezoea mwanga hafifu wa humo ndani. Kwa hiyo tuliingia bure asubuhi, kisha tukarudi alasiri ya siku hiyo hiyo kwa tiketi, na sijutii hata senti moja.

Mume wangu ni mtu wa kazi za ujenzi, kwa hiyo hakutembea kama mtalii. Kuna nguzo zaidi ya 850, naye alikuwa akisimama kwenye moja baada ya nyingine kunionyesha kwamba hazifanani: hii ni laini, ile ina mifereji, na vichwa vyake vimechongwa na mikono tofauti. Nguzo nyingi za sehemu ya zamani ziliokolewa kutoka majengo ya Warumi na ya Wavisigothi, watawala wa Uhispania kabla ya Waislamu, na kwa kuwa zilikuwa fupi kwa ukumbi mpana namna ile, mafundi walipandisha tao juu ya tao ili paa liinuke. Wekundu na weupe wa matao hayo ni matofali na mawe yaliyopangwa kwa zamu. Tulipofika upande wa mashariki, ulioongezwa na waziri mkuu al-Mansur mwishoni mwa karne ya 10, alinyamaza kidogo, akasogea karibu, akaniambia kwamba wekundu wa huku ni rangi iliyopakwa juu ya jiwe. “Hapa walikuwa na haraka,” alisema. Tangu hapo nilikuwa nikitambua bila kuambiwa ni wapi sehemu moja inaishia na nyingine inaanza.

Mihrabu iliyojengwa wakati wa khalifa al-Hakam wa Pili imezungushiwa uzio, kwa hiyo mgeni huitazama kwa mbali kidogo, lakini dhahabu ya vinakshi vyake huonekana vizuri zaidi alasiri kuliko asubuhi. Anayejua kibla atashangaa kuona kwamba inaelekea kusini, ilhali Makka iko mashariki, kusini kidogo. Katikati ya jengo limesimama kanisa kuu lililoanza kujengwa mwaka 1523, refu na jeupe, na hapo ndipo mimi na mume wangu tulipotofautiana. Yeye analiona kama kigingi kilichopigiliwa katikati ya mkeka. Mimi nadhani kama lisingekuwapo, huenda nguzo zote zile zingekwisha kubomolewa zamani. Tulibishana hadi kwenye Daraja la Kirumi, ambalo mawe yake mengi si ya Warumi tena.

Chakula cha mchana tulikosea. Mkahawa ulio hatua chache kutoka Mezquita ulitutoza mkate ambao hatukuuagiza, na supu yake ilikuwa ya maji maji. Usiku tulikwenda mtaa wa San Basilio, tukapata salmorejo ya kweli, yaani nyanya, mkate, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni vilivyosagwa hadi kijiko kikazama polepole. Kwa kawaida hunyunyiziwa vipande vya yai na vya nyama ya nguruwe, kwa hiyo asiyekula nguruwe aseme mapema. Pia tulikula biringanya za kukaanga zilizomiminiwa asali ya miwa. Wao huziita berenjenas, na kwa Mswahili jina hilo halihitaji mkalimani, kama vile Alcázar, jumba la wafalme la hapo Córdoba, ilivyo kasri na azafrán ilivyo zafarani. Bustani za kasri lenyewe zinapendeza, ingawa saa moja inatosha.

Jumapili tuliitenga kwa ajili ya Medina Azahara, mji wa kifalme ambao Abd al-Rahman wa Tatu alianza kuujenga mwaka 936 kilomita chache magharibi mwa Córdoba, na ambao haukudumu hata miaka mia kabla ya kuharibiwa. Kiingilio kilikuwa euro 1.50 kwa sisi tusio raia wa Umoja wa Ulaya, lakini mpango unahitaji umakini: Jumapili hufungwa saa tisa alasiri, Jumatatu hakufunguliwi kabisa, na kutoka kituo cha wageni hupandwa basi dogo kufika kwenye magofu. Sisi tulikosa basi la kwanza la kutoka mjini. Usiku ule saa za Ulaya zilisogezwa mbele kwa saa moja, simu zetu zilikuwa chumbani zikichaji, nasi tukanywa kahawa taratibu chini ya saa ya ukutani ya nyumba ya wageni tuliyofikia, ambayo hakuna aliyeigusa. Tuliyapata magofu kwa dakika zisizozidi 70, tukakimbilia matao ya lango la mashariki na kuyaacha makumbusho kwa safari nyingine.

Nyumba ya wageni yenyewe ilikuwa safi, ua wake una vyungu vya maua ukutani kama picha zilivyoahidi, na mwenyeji alituomba radhi kwa dhati. Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano iko kwenye ile saa.