Wachekeshaji watatu wa asubuhi: uzoefu wangu na kipindi cha utani cha redio hapa Mwanza

Fundi cherehani hawezi kutazama televisheni akiwa kazini. Macho yako kwenye sindano, mikono imeshika kitambaa, kilichobaki huru ni masikio. Ndiyo maana kwenye chumba changu cha ushonaji, Mabatini, redio huwashwa kabla ya pasi. Na kwa muda mrefu sasa, Jumatatu hadi Ijumaa, imekuwa ikikaa kwenye kipindi kimoja cha wachekeshaji watatu katika redio ya hapa mjini, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3. Jina la redio naliweka kando, kwa sababu sehemu ya maelezo haya ni malalamiko. Anayeishi Mwanza na kusikiliza redio asubuhi huenda akawatambua.

Watangazaji wenyewe: mzee wao ni Msukuma wa Sengerema, sauti nzito, mwembamba sana kwa maelezo ya wenzake. Wa pili ni Mkerewe, kijana, mfupi. Wa tatu ni dada wa Kihaya, na kwa maoni yangu ndiye mwenye ulimi mkali kuliko wote. Hawasomi habari. Wanachukua jambo lililotokea mjini, bei ya nyanya, mvua ya jana, mechi, halafu wanarushiana maneno mpaka mmoja akose jibu.

Mzee huenda kwao Sengerema mwisho wa wiki, na Jumatatu huchelewa. Zamani alikuwa na sababu moja tu isiyopingika: foleni ya kivuko pale Kigongo. Hakuna aliyeweza kumbishia, maana kila aliyewahi kuvuka kwenda Busisi anajua kukaa juani akisubiri pantoni irudi. Daraja lilipozinduliwa tarehe 19 Juni 2025, sababu ikafa. Jumatatu moja baada ya hapo akaingia studio tena amechelewa, na dada hakumpa hata nafasi ya kusalimia wasikilizaji. "Mzee, shikamoo. Serikali imekujengea kilomita 3 za daraja ili uwahi kazini. Sasa tuambie, leo daraja limezima injini?"

Mzee akajibu taratibu: "Marahaba. Daraja zima. Nilikwama katikati, kuna Mhaya alikuwa anawaeleza watu kwa Kiingereza jinsi lilivyojengwa."

Mteja niliyekuwa nampima kiuno alicheka mpaka ikabidi nimpime upya.

Kijana naye hupata yake kila siku. Hapa Ziwa Victoria sheria haimruhusu mvuvi kuchukua sangara aliye chini ya sentimita 50. Basi mzee humwambia, "Wewe tukikuvua, afisa uvuvi anatukamata wote." Kijana hakawii: "Kwako wewe hakuna kesi, mzee. Mapanki hayapimwi urefu, yanauzwa kwa fungu." Kwa msomaji wa mbali, mapanki ni kichwa na mifupa ya sangara inayobaki kiwandani baada ya minofu kukatwa na kusafirishwa nje. Mtu mwembamba akiitwa panki Mwanza, hakuna anayehitaji kueleza zaidi. Dada akiulizwa ataolewa lini, swali ambalo wanamuuliza mara nyingi kupita kiasi, anawajibu, "Kwetu wameomba ng'ombe. Nyinyi mmekuja na mapanki."

Hapo ndipo ninapokipenda kipindi hiki kwa moyo wote. Utani wao una samaki wetu, vivuko vyetu na makabila yetu. Redio nyingi zinapokewa hapa ambazo vichekesho vyake ni vya foleni za barabara ambazo sisi hatujawahi kukaa. Hawa wanasema "Mwaloni", soko letu la samaki, na mtu anasikia harufu ya dagaa. Wanafungua kipindi kwa "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na mama aliyetoka Misungwi kuleta viazi anaitikia akiwa barabarani, nimeshuhudia.

Kuna watu wananiambia kwamba lugha yao ni ya kukosa adabu, hasa kijana anavyomsema mzee. Sikubaliani nao. Utani kwetu una sheria zake, na hawa wanazijua. Wanyamwezi na Wazaramo wametaniana tangu enzi za misafara ya bara na pwani, na mtani anaruhusiwa kusema hata msibani yale ambayo ndugu wa damu hawezi kuyatamka. Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936 tunaziita watani wa jadi, na shabiki akifungwa anajua kesho atasemwa na atanyamaza, kwa sababu zamu yake itafika. Usukumani tuna Bagika na Bagalu, pande mbili za ngoma ambazo hukutana baada ya mavuno na kushindana, kila upande ukimkejeli mwenzake kwa nyimbo, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Anayetaka kuona aende Bujora, Kisesa, mwezi wa sita wakati wa Bulabo. Kejeli anazozisikia pale ni kali kuliko chochote kinachosemwa studio, na jioni watu wanakula pamoja.

Kijana anapomwita mzee panki, kwanza amempa shikamoo yake. Mzee ana maikrofoni, ana jibu, na kesho ataanza yeye. Hayo yote yakiwepo, neno kali halimuumizi mtu. Wazee wangu walikuwa wakiwasikiliza Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania Dar es Salaam, na mama yangu mpaka leo akiwaona watu wawili wa vituko huwaita kwa majina hayo. Kule ilikuwa michezo iliyotungwa na kurekodiwa. Hawa watatu wanazungumza moja kwa moja hewani, jambo gumu zaidi, maana ukikosea neno limeshafika Ukerewe.

Na linafika kweli. Mawimbi ya FM hupenda njia iliyo wazi. Mjini kwetu, milima na mawe yanayakata: mimi niko chini ya jiwe kubwa na nimelazimika kuunganisha waya kwenye antena na kuupandisha juu ya bati, wakati jirani yangu wa upande wa pili wa njia anapata sauti safi bila waya wowote. Ziwani hakuna mlima. Mvuvi aliye kwenye kisiwa cha Kome au Ukara anasikia vizuri kuliko fundi wa Mabatini. Nimegundua hilo kwa kusikiliza wanaopiga simu. Kuna siku simu za visiwani ni chache, na kuna siku zinamiminika mpaka dada anaomba watu wa nchi kavu nao wapewe nafasi. Siku hizo ni za mbalamwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haivuti kitu, kwa hiyo mitumbwi hulala ufukweni na wavuvi wanabaki kambini na redio. Mazungumzo ya siku za mbalamwezi ndiyo bora kabisa ya kipindi hiki. Wavuvi hawaogopi mtu. Mmoja alimwambia mzee kwamba sauti yake inawafukuza samaki na wanaomba azungumze kwa zamu na injini. Mzee akamshukuru, "Wabeja sana," kisha akamuuliza kama mkewe anajua kwamba mwezi umepevuka na yuko bure. Kambi nzima ilisikika ikicheka nyuma yake.

Nitaeleza jambo moja lililonifanya niwaheshimu. Msikilizaji alipiga simu na kuanza kichekesho kuhusu pantoni iliyojaza watu kupita kiasi. Alikuwa anaelekea wapi kila mtu aliona. Kijana, ambaye hakosi neno, alimkatiza kwa sauti ya chini: "Kaka, hapo tupishe." Ukapigwa wimbo. Waliporudi waliendelea na jambo jingine, bila hotuba na bila kumsema yule mtu. Mwanza haihitaji maelezo. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 na makaburi ya waliokufa yako Igoma, daladala zinapita jirani yake kila siku. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na kijana ni wa Ukerewe. Mchekeshaji anayejua wapi pa kunyamaza ni mchekeshaji aliyekomaa, na sikutegemea kulipata hilo kwenye kipindi cha asubuhi chenye kelele kiasi hiki.

Sasa malalamiko.

Dogo kwanza: matangazo ya kubeti. Sina neno na redio kutafuta fedha, kipindi tunakisikiliza bure na watu hawa wanastahili mshahara. Tatizo ni kwamba tangazo linasomwa na watangazaji walewale, kwa kicheko kilekile, katikati ya utani, bila hata mlio wa kutenganisha. Ninaye kijana anayejifunza kushona hapa kwangu. Anamwamini mzee wa kipindi kuliko anavyoniamini mimi. Mzee anaposema kwa furaha kwamba leo ni siku nzuri ya kusuka mkeka, yaani kupanga mechi za kubeti, kijana hasikii tangazo, anasikia ushauri wa mtu anayempenda. Nauli yake ya kurudi Buhongwa imeshaishia kwenye mkeka uliochanika, na ikabidi nimpe mimi. Wapige mlio, wabadilishe sauti, waseme wazi kwamba hili ni tangazo, kisha warudi kwenye maneno yao.

Kubwa ni la Alhamisi. Kuna sehemu, mnamo saa 2 na nusu, ambapo ndugu au rafiki anatoa namba ya mtu na watangazaji wanampigia wakijifanya watu wengine. Wanaiita zawadi kwa msikilizaji. Mara nyingi ni mambo mepesi, fundi bomba anayedai aliacha koleo, mchungaji anayeomba kuazima spika. Ila kuna Alhamisi walimpigia mama lishe mmoja wakajifanya wakusanyaji wa mkopo, ile tunayoiita kausha damu, wakamwambia wako njiani kuja kubeba majiko na masufuria yake. Yule mama alianza kubembeleza. Alimwita kijana "baba", kijana ambaye kwa umri anaweza kuwa mwanawe. Alitaja shilingi ngapi alizonazo pale mezani na akaomba waje jioni baada ya watu kula. Studio walikuwa wanajizuia kucheka na tulikuwa tunawasikia.

Chumbani kwangu kulikuwa na wateja wawili. Mmoja aliniomba nipunguze sauti. Hakusema kwa nini, nami sikumuuliza, maana hapa Mabatini wanawake wengi wana mkopo wa namna hiyo na mahesabu yake wanayafanya wakiwa wamelala.

Walipomfichulia kwamba ni utani, mama alicheka. Nimeshasikia watu wakitumia kicheko hicho kama ushahidi kwamba hakuna ubaya. Mtu aliyeponea kuchukuliwa masufuria atacheka, na angecheka hata kama ni mwizi aliyemrudishia simu. Yeye hakuwa mtani wa mtu yeyote pale. Hakujua kwamba anasikika mji mzima, hakuwa na zamu ya kujibu, na madeni yake sasa yanajulikana na kila anayekula kwake. Mzee akiitwa panki anajibu. Mama yule angejibu nini?

Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na maudhui ya redio yanasimamiwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Sipendi kumkimbilia mdhibiti kwa jambo ambalo watu wenye akili kama hawa wanaweza kulirekebisha wenyewe kesho asubuhi. Warekodi simu, wamfichulie mtu, wamwombe ruhusa, akikataa waifute. Nimewaandikia ujumbe kwa namba ya studio kueleza hivyo. Haukusomwa hewani, ingawa siku hiyohiyo walisoma salamu kibao.

Na uwezo wa kufanya vizuri wanao. Kuna Alhamisi dada alimpigia mzee mwenyewe, aliyekuwa nje ya studio, akabadilisha sauti na kujifanya mwenyekiti wa kamati ya harusi anayemdai mchango. Mzee alijitetea, akadanganya kwamba yuko msibani, akaongeza kwamba hata huko msibani anadaiwa, mwisho akatoa ahadi ya kulipa siku ambayo Ziwa litakauka. Alipogundua ni nani alinguruma, na dakika chache baadaye alikuwa studio akilipiza. Ile ilikuwa dakika bora ya redio niliyoisikia hapa Mwanza, na hakuna aliyedhalilishwa.

Kwa anayetaka kuwajaribu, aanze na Jumatatu saa 1, wakati mzee anapoingia, au asubiri mbalamwezi. Ukipiga simu studio, punguza kwanza redio yako, la sivyo sauti inajirudia na wanakukata. Mimi nitaendelea kuwasikiliza. Ila Alhamisi ikifika saa 2 na nusu nahamia kituo kingine mpaka sehemu ile ipite, na nitafanya hivyo hadi siku watakapoanza kuomba ruhusa.