Dodona: nilienda kwa Zeus nikarudi bila koti

Nyota moja, na hiyo moja ni ya mawe, si ya kampuni.

Ilikuwa kama mwezi wa kumi hivi. Nililipa "ziara ya siku nzima" kutoka Ioannina, kule Epirus, kaskazini magharibi mwa Ugiriki. Dodona kwenyewe, patakatifu pa kale pa Zeus, tulikaa dakika arobaini. Saa mbili zikaishia kwenye duka la asali ambalo, nasikia, ni la shemeji yake mwongozaji. Mimi na asali wapi na wapi?

Nilimfuata Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki wa kale. Pale watu walikuwa wakileta mashaka yao kwenye mti wa mwaloni, makuhani wakisikiliza majani yanavyovuma ili wapate jibu lake. Homer, yule mshairi wa kale wa Kigiriki, anasema makuhani wenyewe walilala chini na miguu hawaoshi. Nikauliza mwaloni ulikuwa wapi. Mwongozaji akanyoosha kidole: "Ule pale." Bila aibu! Nikamwambia taratibu kwamba ule wa kale ulishakatwa, huu umepandwa enzi zetu hizi. Akanijibu mbele ya watu wote: "Umelipa kuangalia au kubishana?" Nilinywea kama mtoto wa darasa la pili.

Ule ukumbi wa maigizo wa mawe wa Mfalme Pyrrhus wa Epirus, karne ya 3 kabla ya Kristo, nilikuwa ndiyo kwanza nautazama vizuri, mlima Tomaros nyuma yake, honi ikalia. Narudi garini, koti langu halipo kitini. Dereva: "Hukuja na koti." Baridi ile nije na fulana?

Kesho yake nikaenda mwenyewe makumbusho ya Ioannina, na hapo, kusema kweli, hasira ilipungua. Kuna vibamba vya madini ya risasi, vyembamba, ambavyo watu waliandika maswali yao kwa Zeus kisha wakavikunja. Vimefukuliwa maelfu. Usiku nikaendelea kuvisoma kwenye simu. Lysanias anauliza kama mimba ya Annyla ni yake. Na Agis, jamani Agis! Anauliza mablanketi na mito yake iliyopotea, je, imeibwa na mtu wa nje? Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Basi nyota tatu. Hapana, moja ibaki. Nendeni Dodona, hata mara mbili, ila chukueni teksi.

Koti ni la kijani, mfuko wa kushoto una tundu. Na mimi sina haja ya kumuuliza Zeus kuhusu mtu wa nje. Tulikuwa tisa tu ndani ya gari.